Kila Chakula na Mstari Wake

Kila asubuhi, kabla kengele ya kwanza haijalia, Chapchap alikuwa amekwisha kufanya kazi za watu wawili. Aliishi na shangazi yake, mpishi wa shule, kwa hiyo walifika pamoja wakati mlinzi bado anapiga miayo getini. Shangazi aliwasha majiko. Yeye alijaza maji masufuria, akapanga sahani, akafuta meza ndefu za bwalo, na hayo yote aliyafanya huku anatafuna mkate na kamba ya kiatu kimoja haijafungwa. Wazazi wa msichana huyu walimpa jina jingine zuri tu, lakini hata mwalimu mkuu alikuwa halikumbuki tena.

"Umefuta meza zote?" Shangazi aliuliza.

"Zote, Shangazi."

"Na ile ya pembeni?"

"Nayo nimeifuta."

Shangazi alipitisha kidole juu ya meza ya pembeni, akakitazama kile kidole, kisha akamtazama aliyeifuta. Chapchap alichukua kitambaa akarudi kufuta. Mambo hayo yalikuwa ya karibu kila siku.

Baada ya masomo Chapchap alikuwa mwanachama wa klabu ya kompyuta, na huko wepesi wake ulimletea sifa. Vidole vyake viliruka juu ya kibodi bila yeye kuvitazama. Muhula huo klabu ilipewa kazi ya maana. Muuguzi wa shule alikuwa amewapelekea wazazi wote fomu za afya, na fomu zikarudi boksi zima: nyingine safi, nyingine zimekunjwa hadi zikawa ndogo kama kiberiti, nyingine zina alama ya duara ya kikombe cha chai. Muuguzi alitaka yaliyomo yaingizwe kwenye kompyuta, ili akihitaji kujua jambo la mtoto fulani asianze kufukua makaratasi.

Mwalimu wa kompyuta alitengeneza majedwali mawili. La kwanza lilikuwa la wanafunzi: namba ya usajili, jina, darasa, simu ya mzazi, na mwishoni kisanduku kipana kilichoitwa Maelezo, cha kuandikia neno lolote la ziada. La pili lilikuwa la vyakula vinavyodhuru. Hilo lilikuwa na safu mbili tu, namba ya mwanafunzi na jina la chakula.

"Nisikilizeni," mwalimu alisema. "Mtoto akidhuriwa na vyakula vitatu, mtampa mistari mitatu katika jedwali hili la pili. Namba yake, karanga. Namba yake tena, mayai. Namba yake tena, maziwa. Kila chakula na mstari wake. Tumeelewana?"

"Ndiyo, Mwalimu!"

Kesho yake mwalimu alisafiri kwenda mafunzoni, na usimamizi wa kazi akamwachia muuguzi.

Fomu waligawana Chapchap na rafiki yake wa darasa lake aliyeitwa Kobe. Msichana huyo alichapa kwa vidole viwili, akisoma kila neno kwa kunong'ona, kisha akairudia fomu toka juu ili kuhakikisha. Kumtazama akifanya kazi kulimfanya Chapchap awashwe mwili mzima.

Fomu za mwanzo Chapchap alizichapa kama walivyoelekezwa. Halafu akachoka. Kufungua jedwali la pili, kuandika namba ileile mara tatu kwa ajili ya mtoto mmoja, kurudi la kwanza, kufungua tena la pili! Jicho lake likaangukia kisanduku cha Maelezo. Kilikuwa kitupu, kipana, na kipo palepale mbele yake. Akaandika ndani yake: karanga,mayai,maziwa. Akabonyeza. Mtoto mmoja kwisha. Fomu iliyofuata akafanya vilevile, na iliyofuata pia, na punde rundo lake likaanza kuyeyuka.

Kobe alichungulia kioo chake. "Si tumeambiwa kila chakula na mstari wake?"

"Kwani maneno hayamo? Yamo yote. Anayetaka kusoma atasoma."

"Lakini Mwalimu alisema..."

"Mwalimu yuko mbali. Wewe tembea polepole, Kobe, tutaonana mwakani."

Kobe alicheka, kwa sababu alizoea utani huo, akarudi kwenye vidole vyake viwili.

Chapchap alimaliza rundo lake wakati mwenzake bado yuko katikati. Alikwenda chumba cha muuguzi kifua mbele. Muuguzi aliinua macho kutoka kwenye kabati la dawa, asiamini.

"Zote? Umefuata maelekezo ya mwalimu?"

"Ndiyo, Sista."

Jibu hilo lilimtoka kwa wepesi uleule wa vidole vyake. Asubuhi iliyofuata muuguzi alimsifu mbele ya shule nzima. Wanafunzi walipiga makofi, Kobe miongoni mwao, na Chapchap alifurahi sana. Hakuona kama amedanganya. Aliona kama amefupisha safari tu.

Kisha, Kobe naye akiwa amemaliza fomu zake, zikaja karanga. Mzazi mmoja mwenye kiwanda kidogo aliizawadia shule ndoo kadhaa za siagi ya karanga, laini, ya rangi ya hudhurungi, yenye harufu iliyofika hadi madarasani. Ikaamuliwa kwamba Ijumaa, badala ya chakula cha kawaida, watoto wote watakula mkate na siagi hiyo. Habari zilienea shuleni kabla ya mapumziko. Shangazi peke yake ndiye hakushangilia. Alifuta mikono kwenye aproni akaenda moja kwa moja kwa muuguzi.

"Sista, karanga si za kuchezea. Kuna mtu akionja kidogo tu, koo linafunga. Nipe majina ya wote wasiozila, niwawekee meza yao ya jemu. Bila majina, sifungui ndoo hata moja."

"Majina utayapata sasa hivi," muuguzi alisema. "Tuna mtaalamu wetu."

Mtaalamu aliitwa, akaja na Kobe nyuma yake. Alianza na jedwali la pili. Akaiagiza kompyuta imtafutie kila mstari ambao chakula chake ni sawa na karanga. Zikatoka namba, akazitafutia majina katika jedwali la kwanza, mengi yakiwa ya fomu za Kobe. Halafu akaenda kwenye kisanduku cha Maelezo, ambako yeye aliweka vyake, akaiagiza vilevile: nitafutie palipo sawa na karanga. Kompyuta ikatoa majina mengine, machache. Chapchap aliyaunganisha yote katika karatasi moja, printa ikaguguna kidogo ikaitema.

Kobe alikunja uso. "Mbona kwako wametoka wachache hivyo? Fomu zako zilikuwa nyingi kuliko zangu."

"Bahati yao," Chapchap alijibu. "Au unataka waumwe ndiyo uridhike?"

Muuguzi alicheka, akampa Shangazi karatasi, na Shangazi akaibandika ukutani juu ya ndoo.

Ijumaa mchana bwalo lilijaa kelele. Shangazi alisimama nyuma ya meza ya kugawia, mwiko mkononi, akipaka siagi kwenye vipande vya mkate. Chapchap aliwekwa mwanzoni mwa foleni na nakala ya majina. Kazi yake ilikuwa kuwatoa walioandikwa na kuwapeleka kwenye meza ya pembeni, kwenye jemu. Madarasa ya chini yalitangulia. Kila kitu kilikwenda kwa kasi, na kasi ndiyo aliyoipenda.

Akafika Kitufe. Alikuwa mtoto wa darasa la pili, aliyeitwa hivyo kwa sababu sweta yake ilifungwa kwa kitufe kimoja kikubwa cha koti la mtu mzima.

"Nataka ile ya chokoleti," Kitufe alisema, akionyesha siagi ya karanga.

Chapchap alitaka kumpitisha. Lakini kile kitufe kikamkumbusha kitu. Fomu ya mtoto huyu aliichapa yeye. Aliikumbuka kwa sababu pembeni palichorwa jua la kalamu ya rangi, jua lenye meno, na chini yake mzazi aliandika vyakula kwa kukandamiza kalamu hadi karatasi ikakaribia kuchanika. Cha kwanza kilikuwa karanga. Cha pili samaki. Alikumbuka hata mkato aliouweka katikati: karanga,samaki.

Akatazama majina aliyoshika. Akayatazama tena, safari hii kwa kidole, kama Kobe. Kitufe hakuwamo.

Akamshika mtoto mkono, akamwongoza taratibu hadi meza ya jemu, akamkalisha.

"Kula hii. Ile nyingine si chokoleti."

"Ni nini?"

"Ni karanga."

"Aa," Kitufe alisema. "Hizo mimi zinaniua." Akauma mkate wake wa jemu bila wasiwasi wowote.

Chapchap alirudi mahali pake, na akiwa njiani akaelewa kilichotokea. Aliiambia kompyuta itafute palipo sawa na karanga. Nayo ikapita kisanduku hadi kisanduku, ikiuliza: hapa pameandikwa karanga? Palipoandikwa karanga peke yake, ikamchukua mtoto. Palipoandikwa karanga,samaki ikaona neno refu la ajabu ambalo si karanga, ikapita. Kompyuta haikukosea. Ilijibu swali kama ilivyoulizwa. Kila mtoto wa rundo lake mwenye vyakula viwili au zaidi alikuwa ameachwa nje, na yeye hakuwajua ni akina nani.

Jambo la kufanya lilikuwa wazi, lakini hakulifanya mara moja. Alisimama. Akisema, shule nzima itajua kwamba hakufuata maelekezo. Muuguzi atajua kwamba ile "ndiyo" ilikuwa uongo, na Shangazi atajua mbele ya watu. Pengine ni Kitufe tu, alijiambia. Pengine wengine wanajijua wenyewe, watasema. Aliona haya, na haya zikamziba mdomo. Watoto wakazidi kupita mbele yake, mmoja mmoja, sahani mkononi, na mkate ukazidi kwenda.

Ndipo akasikia mtoto wa darasa la kwanza akimwambia mwenzake, "Twende haraka, ni chokoleti."

"Simamisha!" Chapchap alipiga kelele. "Shangazi, simamisha! Usigawe tena!"

Mwiko ulibaki hewani. "Kuna nini?"

"Majina hayajatimia. Mimi niliyaandika vibaya kwenye kompyuta, nikasema nimeyaandika vizuri. Wapo wengine wasiokula karanga na siwajui."

Shangazi hakuuliza swali la pili. Alifunika ndoo, akachukua kifuniko cha sufuria akakigonga kwa mwiko.

"Kila mtu aweke mkate chini! Hakuna kutafuna, hakuna kumeza, hakuna kulamba vidole!"

Mvulana mmoja wa darasa la pili alibaki mashavu yamejaa, macho yamemtoka, asijue ateme au ameze. Siku nyingine wangemcheka mpaka jioni. Siku hiyo hakuna aliyethubutu.

Muuguzi alifika akikimbia. Chapchap alimweleza kwa maneno machache, bila kujitetea, na muuguzi akamwelekeza chumba cha kompyuta kwa kichwa tu. Huko muuguzi alimwamuru asitafute palipo sawa na karanga, bali palipo na neno karanga ndani yake, hata kama limezungukwa na mengine. Safari hii majina yalimwagika. Kobe, aliyewafuata, aliyachukua, wote watatu wakarudi bwaloni, naye akayasoma kwa sauti, jina na darasa. Watoto wakainuka mmoja baada ya mwingine, wengi bado hawajapewa mkate, wengine wameushika bila kuuma.

Jina moja la darasa la kwanza liliitwa mara mbili bila jibu. Mwenyewe alikuwa ameketi karibu na dirisha, mtoto mwembamba mwenye soksi mguu mmoja tu, kwa sababu ya pili aliipoteza kila wiki, na kwa hiyo wote walimwita Soksi. Sahani yake ilikuwa na nusu ya mkate. Alikuwa anajikuna shingo kwa mikono miwili, na mdomo wake wa juu ulikuwa umevimba. Alipojaribu kuitika, alikohoa.

Muuguzi aliona, akapiga mbio kufuata mkoba wake. Alimchoma sindano pajani, akamketisha wima, akaweka sikio kifuani kwake huku akimwambia ahesabu vidole vyake. Mwalimu mkuu alileta gari mlangoni. Kabla ya kupanda na mtoto kwenda kituo cha afya, muuguzi alimgeukia Chapchap.

"Majina hayo ni yale iliyoyaona kompyuta. Bado hatuna hakika. Chukua boksi la fomu, wewe na Kobe, mzisome zote kwa macho. Mpaka mmalize, hakuna anayekula."

Gari likaondoka. Hivyo ndivyo Chapchap, ambaye hakuwahi kusoma kitu chochote mara mbili, alivyoketi kwenye benchi la bwalo mbele ya shule nzima yenye njaa, akasoma fomu moja baada ya nyingine toka mstari wa juu hadi wa chini. Kobe alimpokea kila fomu na kuirudia. Mwanzoni watoto walinung'unika. Baadaye wakawa wanawatazama tu, na hilo lilikuwa gumu zaidi.

Na fomu zilikuwa na mambo. Mzazi mmoja hakuandika karanga mahali popote. Aliandika "jamii yote ya njugu," na Chapchap aliyanakili maneno hayo kama yalivyo, kwa hiyo kompyuta isingempata hata ikitafuta mpaka kesho. Mtoto wake alitolewa kwenye foleni. Mzazi mwingine aliandika barua nzima: "Maziwa hapana kabisa. Karanga anakula bila shida." Huyo kompyuta ilimkamata kwa kuwa neno karanga lilikuwamo, na mwanawe, mvulana mnene wa darasa la tano, alikuwa amekaa kwenye meza ya jemu akitoa machozi kwa kuonewa. Chapchap alipomwambia arudi kwenye foleni, alikwenda kama aliyefunguliwa kutoka kifungoni.

Walipomaliza, Shangazi alifunua ndoo. Watu walikula wakiwa wamechelewa sana. Chapchap hakula. Alikaa kwenye ngazi ya chumba cha muuguzi akitazama geti, na alilia bila kujificha.

Jioni gari lilirudi. Muuguzi alishuka peke yake, amechoka, viatu mkononi.

"Anapumua vizuri," alisema kabla ya kuulizwa. "Uvimbe umepungua. Watamwangalia usiku huu, baba yake yuko naye." Kisha akaongeza, "Kesho uje."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Chapchap alikuja, na Kobe alikuja pia ingawa hakuitwa. Walifuta kila kilichoandikwa ovyo katika kisanduku cha Maelezo, wakafungua jedwali la pili, wakaanza upya. Kobe alisoma, Chapchap alichapa. Namba, chakula, mstari. Namba ileile, chakula cha pili, mstari. Walikubaliana neno moja la kutumia kwa kila chakula. Aliyedhuriwa na njugu zote aliandikiwa kila aina na mstari wake, karanga zikiwa za kwanza. Kazi ilikuwa ya kuchosha kweli, na mara kadhaa vidole vya Chapchap vilitaka kuruka. Alivirudisha.

Muuguzi alikuja mwishoni. "Nitafutie karanga."

Chapchap alitafuta kwa njia ileile ya kwanza kabisa, palipo sawa na karanga. Yakatoka majina yote waliyoyapata kwa macho, hakuna aliyezidi na hakuna aliyepungua. Kitufe alikuwamo. Soksi alikuwamo. Mvulana mnene wa darasa la tano hakuwamo.

Muuguzi alivuta kiti akakaa. "Sasa nikuambie. Ulitaka kazi iwe nyepesi kwako ukiiandika, na ikawa nzito kwa kila atakayeisoma baada yako. Kazi ya kuandika vizuri ungeimaliza mara moja. Ulipoikwepa, mimi, Shangazi yako na shule nzima tuliifanya wakati mtoto anakosa pumzi. Hilo la kompyuta mwalimu akirudi atakufundisha zaidi. Langu mimi ni lile swali. Nilikuuliza kama umefuata maelekezo. Ungesema hapana, tungerekebisha siku ileile na hakuna ambaye angeumwa."

"Nisamehe, Sista."

"Nimekusamehe. Hata mimi nilipaswa kufungua fomu chache nikague, sikufanya hivyo, kwa sababu nilifurahia kuambiwa kazi imekwisha. Na uliposimama bwaloni ukasema kosa ni lako, uliwaokoa wengi ambao mikate ilikuwa bado haijawafikia. Ila Shangazi yako alikuona umesimama tu, ulichelewa kidogo kusema. Au siyo?"

Chapchap aliinamisha kichwa. Alidhani hakuna aliyejua kuhusu ule muda aliosimama kimya. "Ndiyo. Nilichelewa."

"Basi siku nyingine usichelewe. Hiyo ndiyo adhabu yako. Kuikumbuka."

Jumatatu asubuhi, kabla ya kengele, Chapchap alikuwa bwaloni na kitambaa.

"Umefuta meza zote?" Shangazi aliuliza.

"Bado ile ya pembeni, Shangazi."

Shangazi alirudi kwenye masufuria yake. Siku hiyo hakupitisha kidole popote.

Saa ya mapumziko, mtu alibisha mlango wa chumba cha kompyuta. Alikuwa fundi wa magari, bado amevaa ovaroli, mikono yake ina grisi kwenye kucha. Soksi alikuwa amemshika kidole. Chapchap alisimama.

"Shikamoo."

"Marahaba. Nimeambiwa wewe ndiye uliyechapa fomu. Nataka kujua kitu kimoja tu. Ile karanga niliiandika, au sikuiandika? Tangu Ijumaa sijalala, najiuliza kama nilisahau."

Kobe alimtupia Chapchap jicho. Ilikuwa rahisi kusema maandishi hayakusomeka. Mikono ile yenye grisi ingefanya kila mtu aamini.

"Uliiandika, Baba. Uliandika karanga na mayai, na maandishi yako yanasomeka vizuri sana. Wewe hukusahau kitu. Mimi ndiye niliyeyaweka pamoja mahali pasipofaa, ndiyo maana jina la mwanao halikutoka. Naomba unisamehe."

Fundi alishusha pumzi ndefu. Alimtazama msichana aliyesimama mbele yake, na uso wake ulikuwa na hasira na nafuu kwa pamoja. Mwishowe aliitikia kwa kichwa.

"Umeniondolea mzigo," alisema. "Lakini mwanangu ni huyu mmoja tu. Usisahau."

"Sitasahau."

Soksi hakuwa anawasikiliza. Alikuwa amesogea hadi kwenye kompyuta, akapanda juu ya kiti, akabandika pua kwenye kioo.

"Mimi nimo?" aliuliza.

Chapchap alikaa kando yake, akaandika namba ya usajili taratibu, tarakimu moja moja, akahakikisha, akabonyeza.

"Umo. Umeona? Huu hapa ni mstari wako."

"Mbona iko miwili?"

"Mmoja wa karanga, mmoja wa mayai."

Soksi aliigusa mistari yake kwa kidole, mmoja kisha wa pili. Akamgeukia baba yake uso ukimng'aa.

"Baba, nina miwili," alisema.